Enchilada Zilivyoingia Ruziba

Katika jumla ya vitu vinavyotiwa ndani ya chakula kile ambacho watu wa Mexico hukiita enchilada, sikuona hata kimoja ambacho mkaazi wa Ruziba angeweza kukiita kigeni pasipo kuona haya. Kwani kuku tunao, vitunguu maji na vitunguu saumu hupangwa mafungu mafungu sokoni tangu alfajiri, na ama mahindi, pilipili na nyanya, ambavyo ndivyo nguzo za chakula hicho, hivyo vilikwisha kuhama huko huko Mexico na nchi jirani zake katika karne zilizofuata kufika kwa Wareno pwani yetu mwaka 1498, vikashuka marikebuni, vikapanda bara pole pole kwa mkono wa huyu na yule, na hivi leo vimeshikamana na udongo wetu hata ukimwambia bibi wa Kirundi kwamba hindi halikuwako zama za wahenga wake, utakuwa umejitakia matusi ambayo hukuwa na haja nayo. Laiti ningekuwa karani wa uhamiaji, ningevipa vyote hati za uraia bila ya kuuliza swali. Walakini, nyumba yaweza kuwa na wenyeji watupu ndani yake na bado ikawa ngeni kwa namna walivyopangwa humo; viungo vyetu vilikuwa raia, mpango wao ndio uliokuwa mgeni, na mpango huo ulipobisha hodi kwangu haukuwako mlango katika mtaa wetu ambao haukufunguliwa ili watu wachungulie.

Ruziba yetu iko kusini mwa Bujumbura, kando ya njia iendayo Rumonge, ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kulia wa msafiri na milima mkono wake wa kushoto, mahali ambapo mji umekwisha kujitangaza ilhali shamba bado halijakubali kuhama. Jioni kila ua hutoa harufu yake, na mtu mwenye pua ya kadiri aweza kutembea kutoka barabarani hadi ziwani akitaja, pasipo kumwuliza yeyote, nani kapika maharage, nani katia sombe lake mawese ya Rumonge, nani kachoma mukeke, na nani leo hana ila ndagala. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, apikaye nyuma ya madirisha ya vioo, asiwadhanie majirani zangu kuwa ni wapekuzi. Hawapekui, harufu huwafuata walipo.

Aliyetuletea mgeni huyo ni mpwa wangu. Dada yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa wale walioikimbia Burundi mwaka 1972. Binti yake akazaliwa katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na angali mtoto wakachukuliwa wote Marekani, pale nchi hiyo, kuanzia mwaka 2007, ilipokuwa ikiwapokea wakimbizi hao kwa maelfu. Kudura iliwatupa Texas, jimbo lililojitenga na Mexico mwaka 1836 lakini ambalo, kwa upande wa jikoni, halijatengana nayo hadi leo. Huko, kwa masimulizi yake, watoto wa Kirundi walioingizwa katika chumba cha kulia cha shule na kuonyeshwa safu ya vyakula wasivyovijua, walikwenda wote pamoja kusimama mbele ya mpishi wa Kimexico, kwa sababu moja tu, kwamba hapo ndipo palipokuwa na maharage. Kutoka maharage akavuka kwenye enchilada, na kutoka enchilada hakurudi tena. Na alipokuja kututembelea, baada ya salamu, machozi na kugawa nguo, alimtangazia mke wangu kwamba Jumapili angepika yeye, na kwamba Mama akae kitako apumzike.

Mama Watoto hakuwahi kuambiwa apumzike jikoni mwake ila na daktari, kwa hiyo alitaka maelezo.

“Ni chakula gani hicho, mwanangu?”

“Ni chapati za mahindi, Mama. Unazikunja na kuku ndani, unazimwagia mchuzi wa kijani, unatia jibini juu, halafu zinarudi motoni.”

“Huyo kuku anayekunjwa, ameiva au mbichi?”

“Ameiva.”

“Na chapati?”

“Imeiva.”

“Na mchuzi?”

“Umeiva, Mama.”

“Basi motoni wanarudi kufuata nini?”

Nimehudhuria mabaraza ya wazee yaliyosuluhisha mirathi na mipaka ya mashamba, na sijapata kusikia humo swali lililokaa barabara kuliko hilo. Mpwa wangu alicheka, akadhani ni mzaha.

Taabu ya kwanza ilikuwa mahindi. Unga umejaa Ruziba, lakini unga wetu, ambao hutii amri ya mwiko katika sufuria ya ugali, hukataa katakata kuwa chapati. Ukiusukuma hupasuka, na ukiubembeleza huporomoka. Sababu yake ni kwamba Wamexico hawasagi hindi hivi hivi. Hulichemsha katika maji ya chokaa, hulilaza humo usiku kucha, huliosha mpaka ngozi yake itoke, kisha hulisaga lingali bichi, na chokaa hiyo hulifanya donge lishikamane, fauka ya kuifungua ile vitamini iliyomo ndani ya punje ambayo bila ya hila hiyo mwili hauipati. Walioyachukua mahindi kutoka Amerika na kuyasambaza ulimwenguni hawakuichukua na elimu ya chokaa, na kwa kosa hilo watu wa kaskazini ya Italia, na baadaye wa kusini ya Marekani, waliotegemea mahindi matupu waliugua pelagra, ngozi zikawababuka na akili zikawaruka. Mimi nikisoma habari hizo huona kwamba Wareno walitushushia shehena nusu, na nusu yenye maarifa wakaiacha gatini.

Chokaa ya kula, basi, tungeipata wapi? Jirani yetu mmoja, fundi wa kupaka rangi, aliposikia haja yetu alikuja mbio na nusu mfuko uliombakia kazini, akaapa kwamba ni chokaa safi isiyo na mchanga na kwamba ukuta alioupaka kwayo bado unang'aa. Mama Watoto alimshukuru kwa taadhima, akamwambia kuwa tumbo lake si ukuta. Faraja ilitoka kwa bibi mmoja wa ua wa pili, mwanamke wa makamo yasiyojulikana, ambaye alisema kwamba maharage magumu ya mwaka jana hulainishwa kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, na kwamba yeye haoni kwa nini hindi lijidai kuwa gumu kushinda haragwe. Alikuwa na haki kuliko alivyojua, maana wako wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waliotumia majivu ya kuni mahali pa chokaa tangu zamani. Tukayachuja majivu, tukachemsha, tukalaza. Asubuhi punje zilizokuwa nyeupe ziliamka zikiwa za manjano, zimevimba, zateleza. Ukizisugua baina ya viganja, ngozi yake yavuka yote kwa mara moja, nyembamba, yang'aa, ikabaki kuelea juu ya maji, na harufu inayopanda si ya uji wala ya ugali, bali ya udongo wa kwanza kunyeshewa. Mpwa wangu aliinama juu ya beseni akavuta pumzi, akasema, “Mjomba, hii ndiyo Texas yenyewe.”

Nikatwikwa wajibu wa kuyapeleka mashineni. Mtu wa umri wangu hupewa kazi ya namna hiyo kwa kudhaniwa kwamba hawezi kuiharibu. Nilifika na ndoo yangu, nikasimama katika foleni ya akina mama wenye mahindi makavu na mihogo mikavu, na zamu yangu ilipowadia msagaji aliingiza mkono ndoomo, akautoa, akautazama.

“Mzee, haya yalizama ziwani?”

“Yamelowekwa kwa makusudi.”

“Mashine hii hula vikavu. Ukiipa maji, chungio litaziba, na wote hawa watalala njaa kwa ajili yako.”

Nilianza kumfafanulia habari za chokaa, majivu na Waazteki, ila jambo la tatu sikulifikia, kwani nyuma yangu mwanamke mmoja alikwisha kuchungulia ndoo, akanusa, na akatoa hukumu kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza ndizi, kwamba nafaka iliyolowekwa na kunuka vile haina kazi nyingine duniani ila pombe. Ieleweke kwamba mimi husali safu ya mbele. Ieleweke pia kwamba impeke, pombe yetu ya mtama, huanza safari yake katika maji namna hiyo hiyo, kwa hiyo dhana ya mama yule haikuwa ya mjinga. Nilijitetea kwa lugha zote tatu ninazozijua, na kadiri nilivyozidi kujitetea ndivyo watu walivyozidi kuniamini kidogo. Na nilipogeuka kurudi na ndoo yangu, habari ilikuwa imekwisha kunitangulia kwa miguu ya watoto, hata nikamkuta shemeji yangu, ambaye ni mvuvi na si mtu wa ibada sana, amekaa barazani kwangu kwa adabu nisiyoizoea, akauliza kama itakuwa tayari lini.

Mahindi yalitwangwa kinuni, kwa zamu, na fundi wa chokaa akatwanga kushinda wote ili kuiondoa fedheha ya mfuko wake.

Ama mchuzi wa kijani, huo una kisa chake. Mexico hupikwa kwa tunda dogo la jamii ya nyanya, kijani na chachu, lililojifunika ganda kavu, jembamba. Binamu yake tunaye. Ni kile kitunda cha manjano chenye vazi lile lile, ambacho watoto wa milimani hukichuma vichakani. Lakini binamu huyu ni mtamu, na mpwa wangu alipomwonja alisema afaa jamu. Ikaamuliwa tutumie nyanya mbichi pamoja na ndimu. Sasa, kila anunuaye nyanya ajua kwamba chini ya lile fungu jekundu linalomchekea mpita njia zimelala nyanya mbichi ambazo muuzaji hakukusudia uzione mpaka ufike nyumbani. Ada hii ni ya kale kuliko tunavyodhani: padri Bernardino de Sahagún, Mhispania aliyefika Mexico mwaka 1529 na kutumia umri wake kuandika mambo ya Waazteki, alipoeleza wachuuzi wa sokoni hakumwacha nje muuza nyanya mbaya, yule auzaye zilizoharibika. Mwuzaji wetu wa Ruziba alipomwona binti amevaa suruali ya Kimarekani akiziondoa nyekundu za juu, akafukua, akazitoa zile za aibu moja moja akizisifu, alishikwa na bumbuazi. Hata hivyo mfanyabiashara hakosi kuamka upesi. Alizikusanya zote mikononi mwake, akatuambia kwa masikitiko kwamba mbichi msimu huu ni adimu, na akazitaja bei iliyopita ya mbivu.

Pilipili ndiyo iliyotaka kutuua. Mpwa wangu alijua idadi, sita, na idadi hiyo aliipata Texas, ambako pilipili yao ya kila siku ni jalapeño. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani aitwaye Wilbur Scoville alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili kwa kuizimua katika maji ya sukari mpaka mwonjaji asiuhisi tena, na kwa kipimo hicho jalapeño hupata baina ya 2,500 na 8,000, ilhali pilipili mbuzi, jamii ya habanero, ambayo ndiyo iliyomo katika masoko yetu, huanzia 100,000 ikapanda. Sita ni sita, kwa hesabu. Wako wapishi wa Kimexico, aidha, wasioichemsha pilipili kabla ya kuibabua katika kikaango kikavu hadi ngozi ipate madoa meusi, na mpwa wangu hakutaka kuiacha hatua hata moja ya sanaa hiyo.

Moshi wa pilipili mbuzi hauonekani, na hiyo ndiyo hila yake. Kwanza Mama Watoto, aliyekuwa ameketi kitako kama alivyoamriwa, alikohoa mara moja kwa heshima. Kisha akakohoa pasipo heshima. Kisha tukatoka sote, mlango ukatubana, mpwa wangu machozi yakimbubujika huku ameinua kikaango juu badala ya kukiacha jikoni, na kwa hivyo kila alipokimbilia usalama aliubeba msiba pamoja naye. Ua wa pili ukaanza kupiga chafya. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita alisimama, akavua kofia yake ya chuma ili apate hewa, akaivaa tena upesi. Fundi wa chokaa, ambaye kazi yake imemzoesha vumbi la kila namna, alijitia shujaa akaingia kulifungua dirisha, na alipotoka hakuweza kusema kama alilifungua. Bibi wa majivu peke yake hakuondoka mahali pake. Alifunika pua kwa ncha ya kanga, akauliza kama Marekani wanakula hivi kwa hiari yao.

Juu ya kuku sina la kusema ila kwamba alichinjwa kwa bismillahi, akachemshwa, kisha akachambuliwa nyuzi nyuzi, na hapo nilipata majonzi yangu binafsi. Kwa desturi yetu kuku hugawanywa kwa daraja: mgeni ana paja lake, watoto wana shingo na mabawa, na mwenye nyumba ana firigisi, lakini ukimchambua wote akawa nyuzi zilizo sawasawa, umebomoa utawala mzima wa sinia, na baba wa watu hana tena namna ya kutambulikana wakati wa chakula. Jibini nayo tuipite upesi. Ilitafutwa mjini kwa miguu mingi, kwa sababu tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013 vitu vilivyokuwa chini ya paa moja vimetawanyika mji mzima, na ilifika Ruziba katika joto la adhuhuri ikiwa imesahau umbo lake.

Chapati zilipokunjwa, kila moja na nyuzi zake, zikalazwa katika trei na kumwagiwa kijani kile cha hatari, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimepozwa kwa ndimu, chumvi, maji, na maparachichi mengi ambayo hayakuwamo katika sheria ya Mexico bali yaliongezwa kwa ajili ya kuokoa roho za watu, mpwa wangu alilifungua jiko la umeme, akatia trei, akageuza kitufe. Umeme ukakatika. Sitasema ulikatika wakati mbaya, kwa kuwa ili kuusema wakati mbaya yampasa mtu awe ameuona wakati mzuri.

Hapo ndipo Mama Watoto aliposimama. Mke wangu ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako mtoto hunyonya Kiswahili pamoja na maziwa na binti haolewi kabla ya kujua kuoka mkate wa sinia bila ya tanuri. Alihamisha enchilada kwenye sufuria pana, akaziweka juu ya makaa machache, akafunika kwa sinia la bati, kisha akapalia makaa mengine juu ya sinia, moto chini na moto juu. Akavuta mkeka, akakaa tena.

“Sasa nimefahamu wanarudi motoni kufuata nini,” alisema. “Wanamfuata mpishi.”

Walaji walikuwa wengi, kwani hakuna aliyetwanga, aliyekohoa wala aliyeshuku ambaye hakujiona na haki. Hata msagaji wa mashine alikuja baada ya kazi, apate kuthibitisha kwa macho yake kwamba si pombe. Mpwa wangu alipakua kwa uma, akampa kila mtu enchilada zake katika sahani, akasimama pembeni kungojea. Nami niliyatazama yaliyofuata kwa makini, kwa sababu sijaona mkutano ulioafikiana namna ile pasipo kushauriana. Shemeji mvuvi alikunjua chapati, akatoa nyuzi za kuku zote, akazisogeza kando, akaelekea kwenye sufuria ya ugali ambayo Mama Watoto aliipika kwa siri tangu mchana. Bibi wa majivu alikula chapati tupu, akitafuna taratibu, akasema majivu yake hayakupotea bure. Watoto walikwangua jibini. Msagaji alizikunja tena chapati mbili pamoja na maharage aliyoyaomba, akazitia katika mfuko wa shati kwa ajili ya asubuhi. Kila raia akatolewa katika nyumba ile ya kigeni na kurudishwa kwa jamaa zake, na sahani zikabaki na mchuzi mtupu wa kijani.

Mchuzi huo nao haukukaa sana. Shemeji alikuwa amekuja na mukeke wake wa jioni, akamweka juu ya yale makaa yaliyobaki, na samaki alipoiva, ngozi ikichuruzika mafuta, alichota kijani kwa kijiko akampaka kichwa hadi mkia. Alikula. Akanyamaza. Akachota tena. Kisha ukumbi wote ukahamia kwa samaki yule, na samaki hakutosha, na mtu akatumwa njiani kwa wachomaji kuongeza wengine.

“Mjomba,” mpwa wangu aliniambia kwa unyonge, “hiyo si enchilada tena.”

Nilitaka kumtuliza kwa maneno ya hekima, lakini Mama Watoto alikuwa amenipenyezea kibakuli kilichofunikwa, na ndani yake mlikuwa na firigisi, nzima, iliyonusurika kuchambuliwa. Basi nikawa na shughuli.

Amekwisha kurudi Texas. Mchomaji wa mukeke wa njia ya Rumonge ana chupa ya kijani juu ya meza yake na huwauliza wateja kama wanataka “ile ya Marekani”. Na yule muuza nyanya siku hizi huzipanga mbichi juu na mbivu chini, na bei hajaishusha.